Jiwe Juu ya Karatasi za Raheli

Upepo wa Kibakwe haujali kama kuna mtihani wa taifa. Ulikuwa ukigongagonga madirisha tangu asubuhi. Raheli Matonya, mtahiniwa pekee asiyeona shuleni hapo, aliwekwa chumba cha peke yake ili mashine yake ya nukta nundu isiwapigie wenzake kelele. Mtihani ulikuwa wa Historia. Akifeli, cheti cha kidato cha nne kinaota mbawa, na mama yake alishamwambia wazi kwamba mwakani ni jembe na karanga.

Msimamizi wake, Mwalimu Fabian, alitoka shule nyingine. Mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa balaa. Raheli akimaliza karatasi, yeye huipokea, huinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi, huiweka mezani. Moja ikapeperushwa na upepo. Fabian akatoka nje, akarudi, na Raheli akasikia kitu kizito kikitua juu ya karatasi zake.

Jiwe! Nukta nundu ni vinundu vilivyosimama juu ya karatasi. Ukivikandamiza vinalala, na vikilala hakuna msahihishaji wa kuvisoma.

Akanyoosha mkono. Sheria ndiyo hiyo: huongei, hunyanyuki, unanyoosha mkono ungoje. Lakini asiyeona atajuaje kama ameonwa? Mkono ukakaa hewani mpaka ukafa ganzi. Fabian yumo? Kageukia wapi? Muda unayoyoma na swali la mwisho halijaguswa. Akaushusha, akaandika sentensi, akaunyoosha tena, akaushusha. Mwishowe akaacha kabisa kuandika.

Ukimya wa mashine ndio uliomshtua mwalimu.

"Umemaliza, binti?" Sauti ilitoka mlangoni.

"Mwalimu, hilo jiwe."

"La upepo hilo. Usihofu, haziruki tena."

"Linafuta majibu yangu, Mwalimu!"

Jiwe likaondolewa upesi. Raheli akapewa karatasi, akapitisha vidole. Nyingine zilikuwa zimepona. Ile ya juu, insha yake ya Vita vya Majimaji, ilikuwa tambarare kabisa.

"Mungu wangu," Fabian akasema. "Mungu wangu, nimefanya nini? Na muda sina ruhusa ya kukuongezea."

Arudie insha aliyoiweza, au ajibu swali jipya? Hapakuwa na nafasi ya vyote. Raheli akaingiza karatasi safi, akairudia insha, mashine ikilia kama mvua kwenye bati. Kengele ilipogongwa, swali la mwisho lilibaki vilevile.

Ofisini, Mwalimu Editha, mkuu wa wasimamizi, alikuwa akifunga mzigo. Raheli, aliyesimama mlangoni, akasikia bahasha nzito za wenzake zikiinuliwa.

"Ya huyu iwe chini," Editha akasema, "hizi nyingine juu, tukaze kamba."

Raheli akafungua mdomo. Fabian akamwahi.

"Usiweke kitu juu yake!" alifoka, hata Editha akaruka. "Hiyo nitaipakata mwenyewe."

"Mpaka wilayani Mpwapwa? Kwa barabara ile?"

"Mpaka Mpwapwa."

Mlango wa gari ukafungwa. Raheli akaketi kwenye ngazi za ofisi, akiusikiliza muungurumo ukishuka mlima. Vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinabonyeza paja lake kwa kasi, vikijibu lile swali la mwisho.