Jibu la Pili

Nafasi ilikuwa moja, na tulibaki wawili: mimi Stefania, na Brighton, mtoto wa fundi baiskeli. Shule yetu ya kata, huku vilimani Kilwa, ingepeleka mwanafunzi mmoja mjini Masoko kwenye mashindano ya hesabu, na mshindi angehamia shule ya bweni yenye maabara. Maabara yetu ni kabati lenye kufuli, na ufunguo hakuna anayejua ulipo. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa.

Mwalimu Dominick akaandika swali la kutuchuja: eksi mara eksi ni sawa na tano mara eksi, tafuta eksi. Brighton akaandika tano. Mimi nikaandika tano na sifuri.

"Sifuri umeitoa wapi, wewe binti?" Mwalimu akagawa pande zote mbili kwa eksi, ikabaki tano peke yake. "Unaona?"

"Samahani, Mwalimu. Hairuhusiwi kugawa kwa sifuri, na eksi huenda ikawa sifuri."

"Hesabu haina huenda!"

Nikaenda ubaoni na chaki yangu. Sifuri mara sifuri, sifuri. Tano mara sifuri, sifuri. Pande zote sawa. Nilimwona Mwalimu akisoma, akarudia kusoma, shingo ikamlowa jasho. Alielewa. Naapa mpaka leo, alielewa.

Akachukua dasta, akafuta. "Atakwenda Brighton. Mashindano yanataka nidhamu."

Mwenye nguvu mpishe, mama aliniambia, akanikabidhi jembe. Brighton mwenyewe si mbaya. Jioni alinifuata kwenye ufuta wetu, akaniomba nimweleze tena habari ya sifuri. Nikamweleza, mjinga mimi, nikichora vumbini kwa kijiti mpaka akashika.

Akashinda. Kule Masoko lilikuwepo swali kama lile, akaandika majibu yote mawili. Jumatatu, mstarini, Mwalimu Dominick akamshika bega mbele ya shule nzima.

"Jibu la pili wengi hulisahau," akasema. "Huyu hakusahau, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe."

Brighton akanitupia jicho, kisha akainama. Nilisubiri afungue mdomo. Hakufungua.

"Makofi kwake!"

Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana Mwalimu alikuwa akiitazama mikono yangu.