Karuho ya Papa Sebahire

Kwetu Ndosho, mutu akikohoa mpaka akakonda, watu hawatafuti ugonjwa mwingine. Ni karuho tu, sumu inayoua polepole. Ndivyo alivyosema Tanti Clotilde, dada ya Papa, na ukoo wote ukaitika. Eti Mama Sidonie, jirani yetu, alimupa Papa kasiksi, ile pombe ya ndizi, yenye kitu ndani.

"Tanti, anakohoa damu. Tumupeleke wamupige picha ya kifua," nikasema.

"Igihozo, karuho haionekanake na mashini. Unataka kaka yangu afe?"

Basi Papa akapelekwa Katoyi kwa muganga wa majani, akatapishwa. Alipotapika povu, Tanti akapiga makofi: "Inatoka!" Kilichokuwa kinatoka ni nguvu zake, jamani! Mugongo ukaanza kumuuma hata akiwa amelala. Wakasema sumu inashuka. Vinundu vikamutoka shingoni, wakasema inapanda. Kichwa nacho kikamushika, akawa anaona watu wawili pale alipo mumoja. Walikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilikuwa kumutapisha tena. Nililia, nikagomba, nikaitwa mutoto asiye na adabu. Mama Sidonie wa watu akaacha kupita mbele ya mulango wetu.

Siku Papa aliposhindwa kusimama, sikuomba ruhusa ya mutu. Niliita motari na pikipiki yake, tukamuweka Papa katikati, nikamushika kwa nyuma mpaka hospitali.

Daktari aliangalia picha, akashusha pumzi. "Ni kansa ya mapafu, mama. Imeshafika kwenye mifupa ya mugongo, na kwenye ubongo pia. Mungalimuleta mapema..." Akaacha hapo. "Sasa tutamutuliza maumivu tu. Na akili itakuwa inamupotea, usishangae."

Nilirudi nyumbani na Papa na dawa ya maji. Nikamweleza Tanti yote. Akatikisa kichwa.

"Unaona? Hata dokta anasema inatembea mwilini. Karuho ndiyo inatembeaka hivyo."

Nilimutoa chumbani. Mungu anisamehe, nilimusukuma.

Papa alikuwa anaugua kwa sauti ya chini. Nikamimina dawa katika kikombe, nikamuinua kichwa. Akanitazama sana, mimi binti yake wa kwanza, kisha akafunga mudomo.

"Papa, ni mimi. Ni Igihozo."

"Onja kwanza," akasema.

Nikaonja mbele yake, nikameza. Akageukia ukuta.