Nusu ya Pili ya Kitabu cha Wubit

Fantaye aligombana wiki nzima na daktari ambaye hakuzaliwa na mwanamke, hakuvaa kiatu, wala hakuwahi kutia mguu mjini Dessie. Alimgombeza akipepeta shayiri, akamgombeza akikoroga mchuzi wa shiro, akamgombeza hata alipokaa mlangoni kusokota pamba, mpaka jirani yake Birke akachungulia juu ya ukuta, akamwita kwa heshima kama mtaa wote ulivyomwita.

"Etiye, una mgeni?"

"Ninaye, na hana adabu! Daktari mzima, Mkristo, siku ya Ijumaa, mfungo mkuu umeshika, anakaa anakula mchuzi wa kuku na mayai yake! Na mama yake yuko palepale, kimya."

"Daktari gani huyo? Wa hospitali yetu?"

"Wa kitabuni."

Birke akashusha pumzi. "Na mwandishi hakumkataza?"

"Mwandishi ndiye aliyempakulia!"

Ndivyo alivyokuwa Fantaye. Kusoma alijifunza ukubwani, darasa la jioni, mtoto wake wa kwanza yuko mgongoni anavuta shanga. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuziona herufi akazipita hivihivi. Alisoma karatasi iliyofunga sukari, alisoma magunia, na wanawe walipooa na kuolewa, na mumewe alipofariki, akahamia kwenye riwaya kama mtu anavyohamia nyumba yenye nafasi.

Riwaya zenyewe alizikodi kwa Endris, aliyekuwa na kibanda kilichobanwa katikati ya fundi saa na muuza ubani. Endris alikuwa na mtindo wake. Kitabu kinene alikipasua kwa kisu katikati kama mkate, kila nusu akaishona kwa uzi wa gunia na kuivisha jalada la kalenda ya zamani. "Kwa nini mmoja ale na mwingine atazame?" alikuwa akisema. "Huyu ashike mwanzo, aliyetangulia ashike mwisho, wote washibe." Watu wa Dessie walizoea, ila kilio kimoja hakikuisha: unafika pale mtu anapoinua kisu, unageuza ukurasa, unakutana na jalada la kalenda, picha ya mwezi wa Tahsas.

Wanawake wa safu ile ya nyumba walikunywa kahawa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na kahawa ya kule ina vikombe vitatu: cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu ndicho baraka, na anayeondoka kabla ya baraka amejinyima mwenyewe. Fantaye aliisimulia riwaya kwa mpangilio huohuo. Kikombe cha kwanza alileta watu, cha pili alileta balaa, na cha tatu alitoa mwisho, wenzake wameshika vikombe vitupu, hawatafuni hata punje ya shayiri ya kukaanga, wasije wakapitwa na neno.

Tena hakusimulia tu, alihukumu. Kitabu kile cha mama mkwe alikikataa hadharani. "Mwandishi kamtelezesha mama wa watu kisimani mwanzoni tu mwa kitabu, kafa! Kwa nini? Hakutaka kuhangaika naye. Uvivu mtupu! Mama mkwe hafi kirahisi hivyo. Wangu mimi aliugua miaka mingi, na kila akipata nafuu alikuwa akiuliza chumvi nimeweka ngapi."

Toyba, jirani wa nyumba ya tatu, alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Lakini kile cha mzee aliyemfundisha punda wake njia ya nyumbani, kwa kuwa alijua macho yake yanamzimikia, kile kilimliza. Alichelewa kukirudisha kwa sababu hakutaka kuachana na punda. "Yule mzee hakumwambia mtu," alisema, akijifuta kwa ncha ya shuka. "Kila siku anatembea, anahesabu pembe za njia, na punda anadhani ni matembezi." Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Basi ikaja riwaya ya Wubit.

Wubit alikuwa na kinu cha kusaga nafaka alichoachiwa na baba yake. Wanaume wawili walimtaka. Mmoja dereva wa lori, Getaneh, maneno yake asali na nyuki wamo humohumo. Mwingine fundi wa kinu, Sisay, mtu wa kusema "ndiyo" asubuhi na "hapana" jioni, akawa amemaliza maneno ya siku. Wubit aliwaambia wote wawili waje siku ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, atawajibu mbele ya watu. Siku ikafika, moto ukawashwa, maua ya njano yametapakaa, dereva amesimama penye lango, fundi amesimama penye kinu, Wubit akatoka uani na kifurushi mkononi, akapiga hatua...

Mwezi wa Tahsas. Nusu imekwisha.

Fantaye alikuwa upande wa fundi. Tangu ukurasa ule Sisay alipoketi kulichonga upya jiwe la kinu bila kutumwa, alikwisha kumwozesha moyoni. Kwa hiyo hakungoja chakula, alijitupia shuka begani, akashuka mbio hadi kwa Endris.

"Endris, niokoe! Nusu ya pili ipo?"

"Kaa, Etiye." Endris akampa kigoda. Muuzaji akikupa kigoda kabla ya salamu, ujue kuna jambo.

"Sikuja kukaa. Ipo?"

"Ipo."

"Nipe."

"Sikupi."

Fantaye akakaa. "Nimekukosea nini?"

"Kile cha mama mkwe, baada yako nani kakichukua? Vumbi. Cha daktari? Vumbi. Nilimuuliza Toyba, mbona siku hizi huji? Unajua kanijibu nini? 'Nije kusoma nini, na Etiye Fantaye ananimalizia kila kitu, tena na kahawa juu?' Wewe unakodi kitabu kimoja, mtaa mzima unakisoma kwa masikio. Mimi nitakula majalada?"

Fantaye alitazama rafu. Kweli vumbi lilikuwepo. Ikamuuma, maana bila kibanda kile naye angerudi kusoma karatasi za sukari.

"Sasa nifunge mdomo? Nitakufa, Endris."

"Simulia utakavyo, watu wote, balaa lote. Mwisho tu uniachie. Mwisho ndio duka langu. Ukiutoa tena, na kitabu hupati, si hiki wala kingine."

"Nakubali, lete."

"Apa kwanza."

Fantaye akainua mkono. "Endris afe!"

"Astaghfirullah! Mimi?"

"Nani mwingine? Mtu huapa kwa kifo cha anayemthamini. Nikisema mwisho, ufe wewe. Sasa lete kitabu."

Endris alimpa, lakini alimpa kama mtu anayekabidhi mkufu wa mama yake.

Fantaye aliimaliza nusu ile kesho yake mchana. Alipofika mwisho aliitupa kitandani, akaiokota, akaisoma tena kurasa mbili za mwisho, akaitupa tena. Alichokisoma sikisemi sasa, maana Endris ana watoto wa kulea. Yatosha kusema kwamba alitoka akasimama uani akamwambia kuku wake, "Sikubali!"

Kahawa ilikuwa kwa Toyba siku ileile. Majani mabichi yalitandazwa sakafuni, ubani ukafuka, na Fantaye akasimulia kama hajapata kusimulia. Kikombe cha kwanza walimwona Wubit. Cha pili walimwona dereva langoni, fundi kinuni, kifurushi mkononi. Toyba akamimina baraka. Wakanywa, wakashusha vikombe, wakangoja.

Fantaye akachota shayiri ya kukaanga, akatafuna.

"Ehe?" akasema Birke.

"Basi."

"Basi nini?"

"Akatoka uani. Basi."

"Etiye, hii ni baraka! Unatunyima baraka?"

"Nimeapa. Roho ya mtu imo humu."

"Roho ya nani? Wubit kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Na hata hilo nimelisema kwa bahati mbaya."

Toyba akasogea akamkagua kama anayechagua nyanya. "Tazama uso wake. Amenuna. Yeye anampenda fundi, amenuna, basi Wubit kamchukua dereva."

Fantaye akajifunika shuka hadi puani.

"Amejificha! Ni dereva!"

Akajifunua haraka, akatabasamu kwa meno yote.

"Anacheka! Ni fundi!"

"Niacheni uso wangu!" akalia Fantaye. "Si kitabu huo!"

"Afadhali kitabu, kingesema," akasema Birke. "Mtu gani anawapeleka wenzake mpaka katikati ya daraja halafu anaziondoa mbao zake?"

Maneno yale yakamchoma, kwa sababu alikuwa anaijua taabu yenyewe, ni ileile ya mwezi wa Tahsas. Tena naye mwenyewe alikuwa anaungua. Alikuwa na hasira na Wubit, hasira safi, na hana pa kuimwaga. Akasema, "Mwisho wake..." akaona moyoni Endris na kifua chake chembamba, akaumeza ulimi. Ukakwama kooni. Alipokohoa, kilichotoka hata yeye hakukitazamia.

"Kitendawili!"

Wenzake, kwa mazoea ya utotoni, wakaitika pamoja, "Tega!"

"Wawili waliomba mke. Mmoja akapewa jiwe, akashukuru. Mwingine akawa abiria katika gari lake mwenyewe, akashukuru zaidi."

Wakatazamana.

"Jiwe ni kaburi," akasema Toyba.

"Nimesema hakuna aliyekufa."

"Jiwe ni moyo wa Wubit, kawakataa wote," akasema Birke.

"Anashukuru kukataliwa? Mjinga huyo."

"Abiria ni mzigo. Ni mtoto. Ni... gari limeharibika, wanalivuta kwa punda?"

"Punda ni wa kitabu kingine."

Walihangaika mpaka makaa yakawa majivu. Mwisho Toyba akainua mikono. "Tumeshindwa. Tunakupa mji. Chukua Kombolcha."

"Kuna joto. Siitaki."

"Gondar basi, na majumba yake ya wafalme."

"Gondar naipokea." Fantaye akasimama, akakung'uta majani kwenye nguo. "Asanteni kwa mji. Jibu nalirudisha kwa Endris jioni hii, limeshonwa kwa uzi wa gunia."

"Ati nini? Umekula mji na jibu hutoi? Tangu lini?"

"Mwizi wa Gondar!" Birke akampigia kelele mpaka nje.

Asubuhi Endris alipokuja kufungua kibanda alimkuta Birke mlangoni, mikono kiunoni, anataka nusu zote mbili. Toyba alifika nyuma yake akiwa bado na unga vidoleni. Ilibidi Endris akate shauri: Birke aanze, Toyba afuate, na mke wa fundi saa, aliyekuwa amesikia kelele tu na hajui hata ni kitabu gani, akasema na yeye awekwe baada ya Toyba.

Siku zikapita, Fantaye akingoja. Kisha adhuhuri moja Birke aliingia kwake bila hodi, kitabu kwapani.

"Mwandishi wako kalewa!"

"Umemaliza?" Fantaye akaacha pamba. "Sema, sema, wewe hukuapa!"

"Anampa fundi kinu! Kifurushi ni funguo! Kinu cha baba yake, jiwe na mashine, anamwambia, 'Sisay, wewe ndiye unayelijua jiwe hili.' Halafu anapanda kwenye lori, upande wa usukani, na dereva mzima na masharubu yake anakaa pembeni ameshika kikapu cha mikate ya injera magotini! Wanakwenda zao pwani! Mwanamke gani wa kwetu anafanya hivyo?"

Sasa, Fantaye mwenyewe alikuwa amechukia mwisho ule mpaka akaukana mbele ya kuku. Lakini kusikia mtu mwingine akiuchukia kulimwasha kitu kingine kabisa.

"Hukusoma vizuri. Ulipomwona Wubit amelala macho usiku, alikuwa anasikiliza nini? Kinu? Hapana. Magari yanayopanda mlima. Imeandikwa."

"Sikuiona."

"Uliruka!"

"Sikuruka, nilisinzia."

"Basi ulisinzia juu ya kitabu kizima! Na Sisay, je? Mimi nilimtaka Sisay amwoe, nilimtaka hasa. Lakini yule mtu alichonga jiwe kwa kuwa alilipenda jiwe."

"Jiwe haliwezi kukuzalia mtoto."

"Wala halikuulizi chumvi umeweka ngapi."

"Etiye, huyo ni mama mkwe wako, mtoe humu!"

Wakabishana mpaka shiro ikaungulia jikoni, wakaila hivyohivyo, wakabishana tena. Miaka yote ile Fantaye alikuwa amesimulia na wenzake wameitikia, ehe, ehe. Kubishiwa hakuwahi kubishiwa. Alisikia raha kama ya mtu anayekunwa mgongo pale mkono wake mwenyewe usipofika.

Ila raha nayo ina bei yake. Kitabu kinene kilichofuata kilipoingia dukani, Fantaye alikwenda akakuta nafasi tupu kwenye rafu.

"Nusu ya kwanza anayo Birke," akasema Endris, na rafu zilikuwa zimefutwa vumbi.

"Atarudisha lini?"

"Yule anasoma kwa kidole, Etiye. Nusu ya pili ipo, chukua uanzie hapo."

"Nijikaushe kabla ya kuoga?"

Akapanda kilima hadi kwa Birke. Birke alikuwa juani kizingitini, kitabu magotini, kidole kinatambaa mstarini kama konokono. Fantaye alivuta kigoda, akajibana pembeni yake na kuingiza kichwa. Ukurasa wa kushoto akaumaliza, wa kulia akaumaliza.

"Geuza."

"Bado."

"Geuza, mwanangu, kuna mtu anazama hapa!"

"Mwache aelee kidogo," akasema Birke, bila kuinua kidole. "Mimi bado sijafika mtoni."