Wasindikizaji wa Baa ya Mama Kreti

Mtu wa kawaida akiona chupa tupu ya bia anaona takataka. Sindano akiiona alikuwa anaona ada.

Hakuwa mlevi, ieleweke hivyo. Tangu azaliwe hajaonja. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhasibu, mwembamba hadi wenzake wakambandika hilo jina la Sindano, na alikuwa anadaiwa. Kesho jioni dirisha la mhasibu wa chuo lingefungwa, na asiye na risiti haingii kwenye mtihani. Asiyeingia anarudia mwaka mzima, na kurudia mwaka ni kulipa upya. Kwa hiyo yeye asingerudia chochote. Angefunga begi lake, arudi kwao, akae.

Aliyekuwa anamsomesha ni kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka wa kwanza hela ilikuja bila kukumbushwa. Mwaka wa pili ikaanza kuja ikichechemea. Mwaka huu ndiyo kabisa. Akimpigia simu, kaka anasema, "Mdogo wangu, nivumilie. Huku nyumbani wananimaliza. Kodi, chakula, huyu mdogo naye kila wiki hospitali." Sindano anavumilia. Angefanyaje? Mtu ana watoto, utamkaba koo? Ila moyoni alikuwa anamlaumu wifi yake, mke wa kaka, kwa jinsi alivyojua kuzitafuna hela za mume bila hata kusaza. Alimlaumu kweli kweli, akiwa anafua, akiwa darasani, akiwa amelala macho. Hili hakumwambia mtu.

Sasa hapo ndipo alipoingia Waziri. Huyu alikuwa kijana wa darasani kwao, na walimwita hivyo kwa sababu kila siku alikuwa na mpango wa maendeleo, na hakuna hata mmoja uliowahi kumfikia mwananchi. Naye alikuwa anadaiwa ada, ila yeye alishazoea. Siku moja walikuwa wanapita nyuma ya baa ya Mama Kreti, ambayo iko jirani kabisa na geti la chuo, akasimama mbele ya rundo la chupa na vizibo.

"Sindano, unaona nini hapo?"

"Nzi."

"Mimi naona mtaji."

Wakaanza na hereni za vizibo. Unakunja kizibo, unatoboa, unapaka rangi ya kucha. Waliuza pea moja tu, kwa msichana wa bweni la juu, na sikio lake likavimba likawa kubwa kuliko hereni. Hela wakarudisha, na dawa wakanunua wao. Wakahamia kwenye kukata chupa kwa uzi uliolowekwa mafuta ya taa, wapate glasi. Glasi zilipatikana, tena za kupendeza, ila kila aliyezinywea aliinuka na damu mdomoni. Kisha Waziri akasikia mahali kwamba bia iliyochacha inalainisha nywele. Wakaomba mabaki ya jana kwa Mama Kreti, wakafungua saluni bwenini, wakaosha vichwa vya wasichana mpaka ndoo ikakauka. Asubuhi mhadhiri wa kodi akaingia darasani, akasimama, akanusa, akauliza safu nzima ya mbele wameanza kunywa tangu saa ngapi.

Wewe cheka. Sindano hakucheka. Wenzake walikuwa wanaviita vituko, yeye alikuwa anaona siku zinakwenda.

Mpango uliokuja kushika ulitokana na Mama Kreti mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeanza biashara na kreti moja chini ya dirisha la chumba chake. Alilalamika kwamba wateja wanaibiwa njiani wakirudi, halafu wake zao wanakuja kumfokea yeye kana kwamba pochi wamezisahau kifuani kwake.

"Mama, tutawasindikiza," Waziri akasema, kabla hata hajafikiria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja akifika, kabla hajaonja kitu, anasimama kwenye meza ndogo ya mlangoni. Analipa ya kusindikizwa hapo hapo, maana na mlevi hakuna kupatana bei. Anakabidhi pochi au mkoba, Mama Kreti anafungia kabatini. Halafu anasogezewa simu ya Waziri, anarekodi sauti yake: anakaa wapi, anywe ngapi, na vitu vyake akabidhiwe nani. Akishalewa akaanza ubishi, anawekewa sauti yake mwenyewe aisikilize. Mama Kreti alitoa sheria moja tu, akaipigia meza kofi: mzima ndiye bosi. Mlevi akisema hivi na yule mzima alisema vile, anasikilizwa mzima, hata mlevi alie machozi.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu. Alikuwa akidai ya nne kila siku ya Mungu. Sindano anamwekea simu sikioni: "Mimi tatu zinanitosha, nikidai nyingine mnikatalie." Mzee anasikiliza kwa makini, anakunja uso.

"Huyu bwana ni nani?"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Muongo huyo. Namjua. Nimeishi naye maisha yangu yote, hana neno la kweli."

Lakini alikuwa ananyanyuka. Wote walikuwa wananyanyuka. Kubishana na msichana wa watu mwenye aproni ni rahisi, kubishana na sauti yako mwenyewe kunachosha.

Hela ikaanza kuingia, lakini kwa kudonyoa. Na leo, siku moja kabla ya dirisha kufungwa, Sindano alikuwa hajafika hata nusu ya deni. Tangu asubuhi alikuwa anampigia kaka yake, na simu inaita mpaka inakata. Kwake, ng'ambo ya reli, alishaacha kwenda, asije akagombana na wifi. Akamwandikia ujumbe: "Kaka, ni kesho." Haukujibiwa. Mchana akamwomba Mama Kreti amkopeshe, Mama Kreti akamwonyesha kabati la vinywaji lililobaki nusu, akasema, "Mwanangu, na mimi nimekopa." Akamwomba mlinzi wa baa, akamwomba hata yule dereva mstaafu alipokuwa anamfikisha kwake, jua bado liko juu. Mzee alimpiga piga begani, akamwambia Mungu yupo, akaingia ndani.

Alirudi baani akiwa amekata tamaa kiasi kwamba hata njaa hakuisikia. Waziri alikuwa anamnyanyua karani mmoja mzito ampeleke kwake.

"Afadhali umekuja," akasema, huku akimtupia simu. "Kuna fundi pale kwenye kona, amekuja wewe ukiwa umetoka. Bia zake zimeisha. Mkoba wake uko kabatini. Amerekodi mambo marefu, mimi nilikuwa nahangaika na huyu, sijasikiliza. Sikiliza umpeleke."

Sindano akavuta kofia yake mbele, akageuka kwenye kona. Akamwona kaka yake.

Alikuwa amekaa, mikono mikubwa yenye alama za moto imelala mezani, chupa zimejipanga mbele yake. Kaka ambaye hanywi. Kaka ambaye kwenye harusi yake mwenyewe aliinua glasi ya maji. Miguu ya Sindano ilitaka kutoka nje, akaishikilia. Akaenda uani, penye rundo la chupa, akaiweka simu sikioni.

Kwanza ilisikika kelele ya baa, kisha kikohozi anachokijua.

"Mimi ni fundi. Nakaa ng'ambo ya reli, nyumba yenye geti la bluu, nimelitengeneza mwenyewe. Nne zinatosha. Sasa, kijana, sikiliza vizuri. Huo mkoba msimpe mke wangu. Mpelekeeni mdogo wangu, yuko chuo hapo." Akataja jina la nyumbani, ambalo pale chuoni hakuna aliyelijua. "Nimelipwa leo. Nilikuwa nampelekea mkononi, nimefika hapa kwenye kona, nimeshindwa kupita. Nimezunguka mara ya kwanza, mara ya pili, nimeshindwa. Ni ada yake. Nyingine nimezinywa, kijana, tangu mwaka jana. Nikishalewa nitawadai huo mkoba, nitasema maneno mengi matamu. Msinipe. Hata nikilia."

Sindano akasimama pale uani. Alitaka kumchukia, ikashindikana. Alitaka kumhurumia, ikashindikana pia. Kilichobaki ni hasira isiyojua pa kwenda, na chini yake, aibu iwe kwake, furaha. Ada imepatikana. Alijisikia mtu mbaya, akaenda kumwambia Mama Kreti afungue kabati.

Mkoba akauvaa ndani ya aproni. Akamsogelea kaka yake, akamgusa bega.

"Twende, mteja wangu. Muda umefika."

Kaka akainua macho. Akamtazama chini ya ile kofia, akatazama kwa muda, kisha akayateremsha macho kwenye chupa. Kama hakumtambua au hakutaka kumtambua, Sindano hakujua, na mpaka leo hajui.

"Haya, dada," akasema.

Walitembea polepole kando ya reli, mkono wake mzito shingoni kwa Sindano. Alikuwa ananuka bia na moshi wa chuma. Walipofika kwenye kivuko akasimama.

"Dada, nipe mkoba wangu."

"Sheria hairuhusu."

"Nisikilize kwanza. Zile hela ni za ada ya mdogo wangu. Anasoma uhasibu. Ana akili huyo, usipime. Nataka nikamlipie sasa hivi. Nipe nikakimbie mara moja, dirisha linafungwa."

Kulikuwa na baa nyingine ng'ambo ya kivuko, muziki unasikika. Sindano hakumwekea simu. Hakuwa na nguvu ya kuisikia tena ile sauti.

"Atapewa mkononi," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Kaka akaanza kulia, kama alivyosema atalia. Alilia bila kujifuta, huku anatembea. Karibu na geti la bluu akamshika mkono.

"Wewe si unakaa kule kule chuoni? Ukimwona, usimwambie ulinikuta wapi."

"Sitamwambia."

Wifi alifungua. Yeye hakuhitaji hata kutazama mara mbili. Alimwona mume wake, akamwona wifi yake, shangazi wa watoto wake, amevaa aproni ya baa, akaziba mdomo kwa kiganja. Wakamwingiza fundi, wakamlaza, wakamvua viatu. Watoto walikuwa wamekaa mkekani wanatazama, wamezoea. Jikoni jiko lilikuwa baridi na sufuria zimefunikwa kifudifudi, safi, kama za nyumba inayohama.

"Kwa hiyo na wewe unafanya kazi huko," wifi akasema, wakiwa wamesimama pale jikoni. Hakuwa na ukali. "Ada bado haitoshi tu? Mimi nilidhani mwaka huu ingetosha."

"Kwa nini ulidhani hivyo, wifi?"

"Si yote inakuja kwako? Kila mwezi namuuliza, ananiambia mdogo wangu ada imepanda, nimetuma yote. Pombe anasema ananunuliwa na wateja. Nimeuza cherehani yangu mwezi uliopita, alisema una mtihani. Mwenye nyumba ameshatupa notisi. Lakini sikulaumu, ujue." Kisha akasema ukweli. "Nilikuwa nakulaumu. Mungu anisamehe. Nilikuwa nasema huyu msichana anasoma nini kisichoshiba."

Muda wote huo Sindano alikuwa anamlaumu mwanamke huyu, na mwanamke huyu anamlaumu yeye, na katikati yao mtu alikuwa anakunywa. Angeweza kusema asante akaondoka, mkoba uko ndani ya aproni. Mzima ndiye bosi, na mzima alishasema. Badala yake akautoa, akauweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akampa wifi simu asikilize.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alirudisha simu, akautazama ule mkoba kwa macho ya mtu mwenye watoto watatu ambao hawajala.

"Amesema nisipewe mimi," akasema.

"Wifi, tugawane."

"Tukigawana utaingia kwenye mtihani?"

Hesabu Sindano alikuwa anaijua vizuri, ndiyo alikuwa anaisomea. Ukitoa hata noti chache humo, ukajumlisha na akiba yake yote, bado dirisha linafungwa yeye akiwa nje.

"Na nikikupa wewe yote?" akauliza, mkono wake ukiwa umerudi juu ya mkoba, maana aliogopa wifi asije akakubali.

Wifi akaiona ile hofu. Akausukuma mkoba hadi kifuani kwake.

"Chukua. Nenda kabla sijabadilisha mawazo, maana nabadilisha hapa hapa nilipo."

Mtoto wa kati alikuwa amekuja mlangoni, ameshika sahani tupu. Sindano alimwona. Alimwona vizuri sana. Akauchukua mkoba, akapita pembeni yake, akatoka kwenye geti la bluu bila kuaga, na alipofika barabarani akaanza kukimbia.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mhasibu, kabla hata dirisha halijafunguliwa. Risiti aliikunja akaitia kwenye kiatu. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mama Kreti, akamwomba zamu ya mchana, ya jioni na ile ya kufunga, hela yake yote iende kwenye geti la bluu, na alipoulizwa si ana mtihani Jumatatu, alisema anao, akavaa aproni.