Anwani ya Wifi

Mimi si mtu wa kupigwa nikanyamaza. Hospitali nzima inaniita Mama Mafaili, na mdomo wangu wanaujua kuanzia getini hadi jikoni. Asubuhi ile nilikuwa nimemkalisha mfanyakazi mpya kwenye chumba cha kumbukumbu, binti tuliyembandika jina la Msomi kwa sababu ya shahada yake, namfundisha mambo ya mwanzo kabisa ya kanzidata yetu.

"Haya majedwali usiyaogope," nikamwambia. "Hili la wazazi, hili la watoto, lile la dirisha la dawa. Kila mtoto ana namba yake, hata mapacha hawachangii. Hiyo namba ndiyo ufunguo. Ukiiandika, mashine inapita kila jedwali lenye namba hiyo na kukuletea kila kitu."

"Na wakihama nyumba, mama?"

"Unabadilisha mahali pamoja tu. Ndiyo maana anwani haitakiwi kukaa sehemu mbili. Utarekebisha moja, utaisahau nyingine, na mashine haitakukumbusha. Umenielewa?"

Akaitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwamba mwezi huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeichezea anwani moja. Wiki tatu nyuma, mdogo wangu wa tumbo moja, fundi magari, alimvunja mkewe taya. Wifi yangu alilazwa hapahapa, akawa anaongea nami kwa kuandika kwenye karatasi. Alipotoka nilimtafutia chumba ng'ambo ya mji, yeye na binti yao wa miaka minne mwenye pumu. Kisha nikaingia kwenye jedwali la wazazi na kuweka anwani ya uongo kwa mkono wangu. Mdogo wangu alikuwa ameapa kwamba siku akimpata atammaliza. Nimemlea mimi yule, najua akiapa hatanii.

Mlango ukapigwa teke. Mdogo wangu akaingia na spana ya magurudumu mkononi. Mlinzi alikuwa amempisha, maana huwa ananiletea chakula cha mchana.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Toka."

"Nipe anwani niondoke."

"Anwani ya nani?"

"Usinifanye mtoto!" Akaipiga printa, vipande vikaruka hadi dirishani. Msomi akapiga ukelele. Nikasimama niende kumsukuma, na pigo la pili likaniangukia bega la kushoto. Nikasikia mfupa ukivunjika. Kabla sijapata pumzi alinishika mkono uleule, akauingiza kwenye droo ya kabati la chuma, akaifunga kwa teke. Vidole viwili vikaenda. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo.

"Mlaaniwa mkubwa wewe! Nepi zako nimezifua mimi!"

Alikuwa analia huku ananipiga. Siwezi kuficha, machozi yake ndiyo yaliyonitia hasira kuliko spana.

Nikajifanya nimeshindwa. "Msomi, mfungulie jedwali la wazazi." Akafungua. Mdogo wangu akasoma, akacheka bila furaha.

"Huu mtaa nimetengeneza magari miaka sita, dada. Hapo hakuna nyumba, kuna ghala la saruji." Akatoa mfukoni kadi ya kliniki ya binti yake, akaitupa mezani. Spana akaiweka shingoni mwa Msomi. "Andika namba ya mtoto."

Binti wa watu akaandika, na mashine ikafanya kilekile nilichomfundisha dakika kumi zilizopita. Zikaja taarifa za mama, zikaja za mtoto, na chini kabisa za dirisha la dawa: dawa ya kuvuta, ipelekwe nyumbani, mtaa fulani, nyumba namba fulani. Imeingizwa juzi. Wifi alikuwa amewapigia simu mwenyewe, taya limefungwa hivyohivyo, ili mtoto asikose dawa, na wale wa dirishani wakaiandika kwao bila kuuliza mtu. Jamani! Miaka kumi na moja nahubiri anwani isikae sehemu mbili, na siku niliyoficha roho ya mtu sikukumbuka kutazama sehemu ya pili.

Yeye midomo ilikuwa inacheza, anajaribu kuikariri. Akaona haimkai, akaweka spana mezani, akachukua kalamu ajiandikie kiganjani.

Nikaishika spana kwa mkono wa kulia. Nilimpiga goti kwanza, akaenda chini. Nikampiga mkono wenye wino. Nikampiga kichwa. Nikainua tena, na ukweli nitausema: nilitaka kumuua. Msomi alinikumbatia kiuno akanivuta nyuma, tukaanguka wote wawili kwenye damu.

Wakamchukua mdogo wangu kwa machela, askari wakimfuata nyuma. Mimi nikafungwa bega, nikafungwa vidole, nikampigia wifi simu. "Toka nyumba hiyo sasa hivi. Ameiona." Nikamweleza na yaliyotokea. Akakata simu.

Nesi wa dharura akaja na karatasi, anataka mgonjwa asajiliwe. Msomi hata kalamu ilikuwa inamponyoka, kwa hiyo nikakaa mimi, nikawa naandika kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimekaribia kumaliza alipotokea wifi mlangoni, taya limefungwa, mtoto mgongoni.

"Yuko hai?" Maneno yalimtoka katikati ya meno.

"Yuko hai. Daktari anasema atapona. Wewe umefuata nini huku? Nimekwambia ukimbie!"

Akakaa kwenye kiti, akalia kimyakimya mpaka mtoto akaanza kumpapasa shavu. Nilitamani kumtikisa. Mimi nimevunjwa, nimemvunja ndugu yangu ili asijue mwanamke huyu analala wapi, na yeye amepanda gari amemfuata.

"Ni mume wangu, wifi," akasema.

Kwenye skrini palibaki sehemu moja tupu: mtu wa karibu wa mgonjwa, na mahali anapoishi. Akainama, akasoma.

"Niandike mimi."

Nikaandika jina lake. Kisha akaanza kunitajia mtaa wake, polepole, mpaka namba ya nyumba, ile ya kweli.

Vidole vyangu vikaandika anwani nyingine. Akatazama skrini, akaniwekea mkono begani, upande usiouma.

"Wifi, umekosea. Hapo ni kwako."

"Najua kwangu ni wapi," nikasema, nikahifadhi.