Nyavu za Kutega Ukungu

Kama kuna mtu Musoma nzima aliyejiona ana uhusiano na mbingu kumpita hata paroko, basi ni Bernado wa kituo cha hali ya hewa Makoko. Mwenyewe alilisema hilo waziwazi, na paroko alishamsamehe. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama ziwa, kibanda cheupe cha vipimo ambamo kuku wa jirani walitaga, na kipimajoto kilichopasuka mwaka themanini na mbili, wakati ambao hata kipande cha sabuni kilipatikana kwa kujuana. Bernado aliandika Dar kuomba kingine. Akajibiwa avute subira. Akaivuta weee, mpaka mwaka tisini na nne alikuwa bado anaivuta.

Vipimo havikuwepo, lakini ripoti ilikwenda. Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu. Bunda aliandika kavu, kwa sababu wakulima wa pamba wa Kabasa waliokuja mjini walimwambia ni kavu. Butiama aliandika baridi asubuhi, kwa sababu shemeji yake wa huko alikuwa hajarudisha koti. Mwambao wa ziwa ndio aliupima mwenyewe, kwa macho. Maelekezo yalisema hivi: kuna jiwe kubwa majini, kilomita moja kutoka dirishani. Usipoliona, na hakuna mvua, moshi wala vumbi, andika ukungu.

Sasa, Makoko kuna usubi. Ni vidudu vidogo visivyouma, vinavyotoka majini kwa mamilioni kila mwezi unapoandama, vikapanda angani kama moshi wa tanuri la matofali. Upepo ukivisukuma nchi kavu huoni jiwe, huoni jirani, na ukifungua mdomo umeshiba. Bernado mara ya kwanza aliandika "usubi". Fomu ikarudi kutoka Dar ikiwa na wino mwekundu: hii ni ofisi ya hali ya hewa, wadudu wapeleke kilimo. Basi akaangalia tena visanduku vya kuweka alama kwenye fomu. Mvua siyo, moshi siyo, vumbi siyo. Akaweka alama kwenye ukungu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsumbua.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Halafu ikaja ridandansi. Viwanda vilipunguza watu, mashirika yalipunguza watu, na Bernado naye akasikia kwamba kituo cha Makoko kimo kwenye orodha ya kufungwa. Akakosa usingizi. Florian, mtoto wake mkubwa, alikuwa kidato cha pili, na huo ndio wakati serikali ilipokumbuka kwamba ada ni jambo zuri. Mtu wa miaka hamsini na mbili, asiyejua kuvua wala kulima, kazi yake kuangalia nje ya dirisha, ataajiriwa na nani? Bernado aliogopa, tena aliogopa vibaya sana.

Ndipo alipotokea Bwana Danford kutoka ofisi ile ya Dar, kijana wa tai na mkoba, uso unang'aa kama wa mtu aliyepata mchumba.

"Mzee Bernado, unajua kwamba wewe ndiye mwenye ukungu mwingi kuliko vituo vyote nchini?"

"Tunajitahidi, bosi," Bernado akajibu.

Danford akatandaza michoro mezani. Ukungu wa Makoko, alieleza, ulikuja kila mwezi mwandamo bila kukosa. Mtu mwingine angeshtuka, maana ukungu gani huo wenye kalenda? Danford hakushtuka. Alifurahi, akaupa jina refu la Kizungu, akauandikia makala. Huko ng'ambo wafadhili walikuwa wanatafuta mwambao wenye joto na ukungu wakati wa majira ya baridi, yaani hii Juni na Julai ambayo Musoma mtu anashindia fulana. Wangeleta nyavu za pekee, zisimamishwe kilimani, ukungu unaswe humo, utone kwenye bomba, ujaze tangi.

"Maji ya kunywa, mzee! Kutoka hewani!"

Bernado akatupa jicho dirishani. Ziwa lilikuwa pale pale, limejaa mpaka Uganda, na pampu ya mtaa ilikuwa imekufa tangu mwaka themanini na nne.

"Maji," akaitikia. "Na kituo?"

"Kitafutwaje, wakati ndicho chenye mradi? Jina lako nimelitoa mwenyewe kwenye orodha."

Nyumbani, mkewe Ursula alikuwa anageuza dagaa juani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta mikono.

"Umewaambia ni usubi?"

"Hawajauliza."

"Baba Florian! Mimi nimekuwaga hapa na dagaa zangu miaka kumi na tano. Ukungu wenyewe nimeuona mara ngapi? Hata mara kumi haifiki. Kesho nenda ukawaambie."

"Niwaambie halafu tule nini? Wewe unataka nirudi kijijini nikachunge mbuzi wa kaka yangu?"

"Nataka usije ukaaibika mbele za watu."

Hakwenda kuwaambia. Nyavu zikaja, nyeupe, mpya, zenye matundu madogo, zikasimamishwa juu ya kilima kikavu. Wavuvi wa Makoko, waliokuwa wanashona nyavu zao kwa nyuzi za magunia, walipita chini yake wakimeza mate. Ilibidi waajiriwe walinzi wawili wenye marungu kulinda ukungu usiokuwepo.

Uzinduzi ukapangwa Julai, siku ya pili ya mwezi mwandamo, kwa hesabu ya Danford. Turubai likafungwa, kwaya ikavaa sare, mgeni rasmi akaja na suti, na wafadhili wawili wakakaa mbele na kofia zao. Mezani kuliwekwa bilauri ya kioo, ili mgeni rasmi anywe maji ya kwanza.

Saa nne asubuhi ziwani kukapanda nguzo nyeusi. Moja, mbili, halafu hazikuhesabika.

"Ule pale!" Danford akapaza sauti kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi, unakuja!"

Wenyeji waliujua. Akina mama wakajifunga khanga usoni. Wanaume wakainamisha kofia. Kwaya, iliyokuwa katikati ya ubeti, ikafumba midomo kama iliyoamriwa, ikaendelea kupiga makofi tu. Wageni ndio waliobaki wamesimama wakitabasamu, meno yote nje.

Loo! Usubi ukawafikia. Ukaingia masikioni, puani, kwenye spika, kwenye hotuba. Mfadhili mmoja akala kofia yake akijaribu kujifunika. Nyavu ziligeuka nyeusi, zikanenepa, zikapindisha nguzo zake. Mgeni rasmi, kwa kuwa ratiba ilisema sasa ni kufungua bomba, akafungua bomba. Likakohoa, likatema uji mweusi ndani ya bilauri.

"Bernado!" Danford alifoka. "Hiki ni nini?"

Watu wote wakageuka. Bernado alikuwa amejiandaa wiki nzima kusema kwamba ni ukungu mzito, wa aina ya pekee, unaohitaji utafiti zaidi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini pale mbele alimwona Ursula, macho tu juu ya khanga, na macho yale hayakucheka. Akaimeza ile sentensi.

"Ni usubi, mheshimiwa," akasema. "Kila mwezi ni usubi. Fomu haina mahali pa kuuandika, nikaandika ukungu. Ukungu hapa hakuna."

Makoko ilicheka siku hiyo. Watu walikaa chini kwa kucheka, walinzi wakaangusha marungu. Boke, jirani yao, alishapanda na beseni kuuliza kama shughuli imekwisha, akwangue usubi akawape kuku. Mgeni rasmi alitema mara tatu, akauliza, "Huyu ni mtumishi wa nani?" Danford alimtazama Bernado kama anamwona leo.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu: jina limerudi kwenye orodha, mwisho wa kazi ni tarehe thelathini Septemba. Lakini jamani, Bernado alitembea! Mtaa wa Kigera walimkaribisha kahawa, sokoni walimpisha njia, wakamwita mzee wa ukweli. Ursula akaanza kumwekea kichwa cha sangara kila jioni, na usiku Bernado akilala alikuwa anakoroma. Alijisikia mtu kuliko siku zote alizoajiriwa.

Wiki ya mwisho ya Septemba Danford akarudi. Aliingia uani bila kelele, akavuta kigoda, akafungua mkoba.

"Mzee, wafadhili wamekubali awamu ya pili."

"Ya nini?"

"Ya ukungu."

"Si waliuona kwa macho yao? Si waliula?"

"Waliona siku moja," Danford akasema kwa upole. "Makaratasi yana miaka kumi na moja. Ripoti imeeleza kwamba siku ile wadudu waliingilia mradi. Sasa wanahitaji takwimu za Julai mpaka Septemba, zisainiwe na mpimaji wa kituo." Akatoa fomu mpya, na chini yake ile orodha. "Jina lako hapa nimeliandika kwa penseli. Linafutika."

Ursula alikuwa pembeni na chekecheke la dagaa. Aliacha kuchekecha. Akamtazama mumewe. Ndani, juu ya kabati, kulikuwa na barua ya shule ya Florian ya kudai ada, ambayo wote wawili walikuwa wameisoma asubuhi ile.

Bernado akaisogeza fomu karibu, akainyoosha kwa kiganja, akapokea kalamu.

"Mnataka siku ngapi za ukungu?" akauliza.