Tarakimu Sita

Sita, nne, sifuri, tisa, moja, tatu. Nilizisoma kwa sauti ya kanisani, bila kukwama, nimesimama mlangoni kwetu Mtoni na unga wa maandazi mikononi.

“Hongera, mama. Kumbe msomi,” alisema kijana kwenye simu.

Alikuwa ameanza kwa shikamoo. Akajitambulisha kuwa ni wa usalama wa benki, akasema kuna mwizi anaichezea akaunti yangu, nimsomee namba zilizoingia kwenye ujumbe ili amfungie. Miaka hamsini na mbili, hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimsomee kitu. Ningemsomea hata Zaburi.

Maneno ndiyo niliyoyachelewa. Kwa mwalimu Wilfred, darasa letu la jioni la watu wazima, tulianza na namba. Maneno nilikuwa bado nayaunga silabi kwa silabi. Simu ilipokatika nikaurudia ujumbe ule kwa kidole: u-si-m-pe m-tu ye-yo-te. Sijamaliza mstari, ukaingia ujumbe mwingine. Milioni moja na laki nne ilikuwa imetoka.

Ilikuwa pesa ya macho ya Alfonsi, mume wangu, mchonga vinyago wa Mwenge. Presha ilikuwa inapanda ndani ya macho yake, na daktari alishasema mwezi ule ukipita, hata upasuaji hautasaidia. Nilisali mpaka magoti yakafa ganzi. Asubuhi tukaenda benki.

Binti wa dawati la malalamiko aliitwa Rumaisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mama, namba umeitoa mwenyewe, na onyo lilikuwepo. Hapo jukumu ni la mteja.” Akafungua faili langu, akashusha sauti. “Ila akaunti uliifungua kwa dole gumba. Mteja asiyejua kusoma, kamati humfikiria. Juzi wamemrudishia mzee mmoja. Weka dole hapa, mie nitajaza kwamba hujui kusoma.”

Akanisogezea pedi ya wino.

“Weka, Mama Blessing,” Alfonsi alisema, uso ameuelekeza ukutani akidhani ndiko niliko. “Mungu anazijua shida zetu.”

Anazijua. Hilo ndilo lililonitesa. Nilimwomba anipe neno, hata moja, nikasikia feni tu. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika jina langu lote pale pa dole, kalamu ikikwaruza. Rumaisa akalitazama, akaiondoa pedi, akalifunga faili langu.

Nje, kwenye ngazi, Alfonsi alinishika bega. Tukashuka vidato viwili, akasimama.

“Dole halikwaruzi karatasi,” alisema.

Miaka mitatu imepita, na hajaligusia tena jambo hilo.

“Vimebaki vidato vitatu,” nilimwambia siku ile, naye akatanguliza mguu.